Nyaraka za ICTR Arusha kwa mtafiti wa ujinsia: hazina yenye matundu

Anayetafiti historia ya ujinsia ya wahanga wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994, hawezi kuikwepa hifadhi ya ICTR, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji hayo, ambayo sasa iko chini ya IRMCT, chombo kilichorithi kazi zake, pale Lakilaki, Arusha. Nyaraka za wazi husomwa bure mtandaoni, kwa Kiingereza na Kifaransa. Ukitafuta kwa neno la ubakaji utamwagiwa hoja za mawakili kabla hujamfikia shahidi hata mmoja. Anza na namba ya kesi: ICTR-96-4 ndiyo ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre (meya) wa Taba, Rwanda. Chuja ubaki na mwenendo wa kesi wa siku kwa siku, usome sambamba na hukumu ya 2 Septemba 1998.

Katika hukumu hiyo wengi hukimbilia aya ya 731, inayosema ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari. Kwa kazi hii, aya ya 152 inaizidi. Inasema mashahidi walitumia maneno manne ya Kinyarwanda, gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu, na wakalimani wakayatoa yote kuwa ubakaji. Mswahili ataona tatizo bila kamusi: kuryamana ni kulala pamoja, gufata ku ngufu ni kuchukua kwa nguvu. Kurungora halisemi kama mwanamke aliridhia au la. Ukihesabu neno la Kiingereza peke yake, umepoteza sitara aliyoichagua msemaji. Kaa na mjuzi wa Kinyarwanda.

Vikao vya faragha vimeondolewa kwenye nyaraka za wazi, na mara nyingi ndiko yalikosemwa mazito. Mashahidi hujulikana kwa herufi, na J wa kesi hii si lazima awe J wa kesi nyingine. Kwa hiyo nukuu namba ya kesi, tarehe na ukurasa. Wala usijaribu kufichua majina yao.

Kasoro kubwa imo katika kazi ya mahakama yenyewe: iliuliza yanayothibitisha shtaka. Hata ubakaji haukuwamo katika hati ya kwanza ya mashtaka ya Akayesu. Uliongezwa Juni 1997, baada ya shahidi J kutaja yaliyompata bintiye. Ndoa za kabla, mapenzi ya mafichoni, tamaa iliyorudi au kukataa kurudi baadaye: hayo utayaokota kwa bahati, pengine kwenye maswali ya kudodosa, yalikotupwa ili kumvunjia shahidi heshima.

Kwa pengo hilo, ongeza Visual History Archive ya Shoah Foundation, hifadhi ya video za manusura wa mauaji ya Wayahudi, yenye mahojiano ya manusura wa Rwanda pia. Humo mtu husimulia maisha yake yote, na faharasa hukupeleka hadi dakika unayoitaka. Kabla ya kuanza, angalia ni video zipi unazoweza kuzifungua.