Tulipompeleka mondo kwa daktari wa mifugo mjini Moshi

Kliniki ninayoieleza hapa iko mjini Moshi, na kazi yake ya kila siku ni kutibu mbwa, mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Siitaji kwa jina kwa sababu baadhi ya niliyoyaona hayakunipendeza. Mgonjwa wetu hakuwa wa kawaida: mpwa wangu alikuwa amemwokota mtoto wa mondo (mnyama wa porini wa jamii ya paka, mwenye madoa na miguu mirefu) kwenye mabua ya mahindi huko Kahe, akamleta nyumbani ndani ya kapu akidhani ni paka pori, nasi tukamlea kwa wiki saba kwa maziwa ya ng'ombe na steki isiyo na mfupa, tukiamini kwamba tunamdekeza.

Mapokezi ndiyo yaliyoniudhi. Chumba cha kusubiria ni kimoja tu, kwa hiyo mondo alikaa saa nzima hatua chache kutoka kwa mbwa wawili waliokuwa wakibweka, masikio yake makubwa yamelala nyuma ya kichwa, akifoka kila mtu alipopita, na mwishowe akamparura mpwa wangu kiganjani kupitia upenyo wa ukindu. Mhudumu aliona damu ikitoka, akatuambia tusubiri zamu yetu.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alivaa glavu nene za ngozi, akamfunika mnyama kwa taulo na kumpapasa taratibu miguu ya nyuma, ambayo sisi tulidhani imeteguka. Kliniki haina mashine ya eksirei, kwa hiyo alitegemea mikono yake na maswali mengi kuhusu chakula. Nyama tupu, alieleza, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto anayekua akilishwa hiyo peke yake, mwili wake huchota kalsiamu kwenye mifupa hadi ikapinda, au ikavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Porini mondo humla panya mzima, pamoja na mifupa na matumbo yake. "Mama, steki yenu ndiyo iliyomlemaza," alisema, bila kejeli.

Nilikuwa nimekwenda na maombi mawili, chanjo na kung'olewa kucha, naye akayakataa yote mawili. Chanjo ya paka aliyokuwa nayo ilikuwa ya virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo kwa paka wa porini vinaweza kuleta ugonjwa wenyewe. Na kung'oa kucha, ambako mimi nilikufikiria kama kunyolewa nywele, ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole. Kisha akanieleza mondo mzima ni nani: dume huweza kufikisha kilo 18, huruka juu zaidi ya mita 2 (ukuta wa ua wetu haufiki hapo), na huweka mipaka ya himaya yake kwa kurusha mkojo, yaani kwenye makochi na mapazia yangu, kwa miaka ambayo katika kufugwa inaweza kukaribia 20.

Suala la sheria alilizungumza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hafugwi nyumbani bila kibali, hata kama aliokotwa kwa huruma. Alimpigia simu afisa wanyamapori mbele yetu, akatuandikia unga wa kalsiamu wa kutumia hadi siku ya kumkabidhi, na akamwelekeza mpwa wangu hospitali kwa ajili ya mparuro na tahadhari ya kichaa cha mbwa. Kwa yote hayo tulilipa shilingi 40,000 na kupewa risiti.

Kwa utaalamu na ukweli wa daktari, naisifu kliniki hii. Kwa chumba cha kusubiria, hapana. Mbwa wetu anatakiwa kuchanjwa mwezi ujao, nami nitampeleka hapo hapo, ila nitafika saa mbili asubuhi, kabla hakijajaa.