Zafu ya makapi: mto mzuri wenye maelezo yanayopotosha

Zafu ni mto wa duara unaokaliwa wakati wa zazeni, yaani kuketi kimya kwa wafuasi wa Zen, tawi la Ubudha, na huu ninaoutathmini hapa umejazwa makapi ya mbegu za soba (mmea uitwao buckwheat kwa Kiingereza) badala ya usufi. Nimeutumia kila asubuhi kwa muda wa kutosha kuweza kusema kwamba ni bidhaa nzuri, ila karatasi ya maelezo iliyokuja nao haistahili kufuatwa.

Kitambaa chake ni pamba nzito, mishono imekaza, na pembeni kuna zipu iliyofichwa ambayo kwangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote. Mto ulifika ukiwa umejaa kupita kiasi, hata kiuno kikalazimika kupinda. Nilichota makapi kiganja kimoja kimoja, nikakaa, nikachota tena, hadi magoti yote mawili yakagusa mkeka na mgongo ukanyooka wenyewe. Makapi huchakacha kidogo mtu anapojisogeza, kisha hutulia na kushika umbo la mkaaji. Usufi ni mwepesi zaidi, lakini hushindiliwa ukawa bapa kadiri unavyotumika.

Karatasi ya maelezo, kwa upande wake, inadai kwamba zazeni ya kweli ni ya mkao kamili wa yungiyungi, kila mguu ukiwa juu ya paja la pili, na kwamba lengo ni kuondoa mawazo yote kichwani. Hizi ni dhana zilizozoeleka, na inasikitisha kuziona zikiuzwa pamoja na mto uliotengenezwa ili urekebishwe kulingana na mwili wa kila mtu. Nyonga zisipokuwa na wepesi wa kuzunguka, goti ndilo linalosokotwa, na hakuna utulivu unaopatikana kwa kuumiza goti.

Dogen, mtawa wa Kijapani aliyerejea Japani kutoka China mwaka 1227 na ambaye mafundisho yake ndiyo msingi wa madhehebu ya Soto ya Zen, aliandika maelekezo mafupi ya zazeni yanayosomwa hadi leo. Anataja mkao kamili na nusu mkao pia (mguu mmoja tu juu ya paja), anaagiza macho yabaki wazi, masikio yalingane na mabega, pua ilingane na kitovu. Kisha, baada ya umakini wote huo, anasema kwamba zazeni haihusiani na kuketi wala kulala. Kuhusu mawazo, haagizi yafutwe. Anatumia maneno yanayohusishwa na mtawa Yaoshan wa China, ambaye alipoulizwa anafikiri nini akiwa ameketi alijibu kwamba anafikiri kutofikiri, na alipobanwa aeleze kunawezekanaje, akataja jambo lililo nje ya kufikiri kabisa.

Ipo pia simulizi ya watawa wa karne ya 8, ambamo Mazu aliketi akitaka kuwa Budha, na mwalimu wake Nanyue akachukua kigae akaanza kukisugua ili, kama alivyosema, kiwe kioo: kigae hakiwi kioo kwa kusuguliwa, wala mtu hawi Budha kwa kuketi tu. Naithamini sana simulizi hiyo, kwa kuwa haimkatazi mtu kuketi. Inamwondolea tu dhana kwamba kuketi ni njia ya kujipatia kitu. Laiti watengenezaji wangeichapisha hiyo badala ya ahadi zao.

Kwa hiyo nunua mto, weka karatasi kando. Mwenye magoti yanayouma ajaribu kwanza kiti cha kawaida, nyayo zikiwa sakafuni, kwa maana vituo vingi vya Zen huruhusu viti, na huenda asihitaji zafu yoyote. Atakayeinunua ajue kwamba ni nzito kubeba safarini na kwamba makapi hayavumilii unyevu: kabla ya kufua kifuniko, yatolewe yote, na yasirudishwe hadi kitambaa kikauke kabisa.