Bagi ya umeme au ya petroli? Uzoefu wangu wa miaka saba na zote mbili, Diani

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, bagi yetu ya petroli, kile kigari cha gofu, ilikuwa ikitoka dobi na mashuka ya vyumba vya ufukweni. Mgeni mmoja akatoka barazani amejifunga taulo, nywele timtim, akaniuliza kwa upole kabisa kama hoteli ina shamba la mahindi, maana kila alfajiri anasikia trekta. Nilicheka. Yeye hakucheka. Wiki hiyohiyo meneja akaniita ofisini: tafuta ya umeme.

Mimi ni msimamizi wa usafiri katika hoteli moja ya ufukweni hapa Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Magari, jenereta na hivi vigari vya gofu ni juu yangu. Sisi tunaviita bagi, na hapa kwetu hakuna anayechezea gofu. Vinabeba wageni, masanduku, mashuka na maganda ya madafu. Kila mwenye nyumba za wageni anayefikiria kununua kimoja hunipigia simu, na jibu langu huwa refu kuliko salio lake. Basi naliandika hapa mara moja.

Kwanza neno lenyewe. Ukisoma matangazo ya Wamarekani utaona wanauza vigari vya "gesi". Bosi wangu alipoliona aliniuliza mtungi unakaa wapi. Hakuna mtungi. Wao petroli ndiyo wanaiita hivyo.

Ya petroli naijua kama ninavyoijua pikipiki yangu. Injini yake ndogo imekaa nyuma, chini ya kiti, na ukitoa mguu kwenye kanyagio inazimika kabisa. Ukikanyaga tena, stata inaizungusha, inawaka, mkanda wa klachi unashika, unaondoka. Maradhi yake fundi yeyote wa bodaboda pale Ukunda anayafahamu: plagi, kabureta iliyoziba, mkanda uliolika, oili iliyopitisha siku zake. Ikiishiwa mafuta njiani, kijana anakuja na kidumu, dakika kumi imerudi kazini. Hilo ya umeme haiwezi, na muuzaji asikudanganye.

Lakini ina kelele, ina harufu inayoingia mpaka kwenye mashuka, na ina wanywaji wengi. Daftari langu lilionyesha bagi moja inakunywa lita tatu kwa siku, halafu kuna siku lita nne na safari ni zilezile. Ile lita ya nne nilikuja kuikuta kwenye tangi la pikipiki ya mtu ambaye simtaji, maana mpaka leo tunakula sahani moja. Umeme haunyonywi kwa mpira, na Oktoba 2023, petroli ilipovuka shilingi 217 kwa lita Nairobi na sisi Pwani tukiwa nyuma kwa shilingi chache tu, jambo hilo lilinipa usingizi.

Sasa ya umeme. Mbili za kwanza tulizinunua zikiwa zimetumika, zikaja kwa kontena kutoka Marekani. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Club Car, E-Z-GO na Yamaha, na wote watatu wana viwanda vyao vya vigari hivi katika jimbo la Georgia. Nakitaja kiwanda kwa sababu kigari kilichotengenezewa soko la kule huja na chaja ya kule. Chaja yao inataka volti 120, sisi tuna 240. Hilo tulilijua, tukanunua transfoma ya kushusha. Tusilolijua ni kwamba umeme wa Marekani hugeuka mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na zile chaja za kizamani, nzito kama jiwe la kusagia, zimesukwa kwa ajili ya hiyo 60. Transfoma haibadilishi hilo.

Yetu ilinguruma usiku kucha, moto haushikiki, na asubuhi betri hazijajaa. Miezi miwili tulilaumu betri. Aliyegundua ni fundi wa mashine za kuchomelea. Aliweka kiganja juu ya chaja, akainama akasoma kibati cha nyuma, akasema, "Kaka, hii haijaharibika. Inalishwa chakula si chake." Tukanunua chaja ya kielektroniki inayopokea umeme wa nchi yoyote, na kesho yake bagi zote mbili zilikuwa zimejaa kabla ya chai. Kwa hiyo kabla hujauliza rangi ya viti, mwambie muuzaji akupigie picha ya kibati cha chaja. Akikawia kuituma, na wewe kawia kulipa.

Kilichotuumiza zaidi kilitokana na mimi mwenyewe. Chini ya kiti cha bagi yetu ya umeme kuna betri sita za volti 8, zimeungwa mfululizo kupata 48. Kila betri ina vifuniko vinne, jumla vishimo 24 vya kuangaliwa maji. Niliambiwa ya umeme haina matengenezo, nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Ilikuwa Februari, kaskazi, joto la kukaanga. Nikainua kiti cha bagi namba mbili kwa sababu ilikuwa ikifika nusu ya kilima inachoka. Harufu ya mayai viza ikanipiga usoni. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na unga mweupe. Nikafungua kifuniko cha kwanza, nikamulika kwa tochi ya simu: sahani za risasi, yale madini ya ndani ya betri, zimekaa nje ya maji, kavu, zimepauka. Cha pili vilevile. Cha tatu kimejaa mpaka mdomoni, kimefurika, na trei yote ya chuma chini yake imeanza kuliwa.

Nikamfuata askari wetu wa usiku, mtu mzima, umri wa baba yangu.

"Mzee, shikamoo. Nani ametia maji kwenye zile betri?"

"Marahaba. Ni mimi, mwanangu. Niliona zimekauka nikakusaidia. Nimeyateka kisimani kwa mkono wangu, maji safi, mwenyewe nayanywa."

Kisima chetu ni kama vingi vya karibu na bahari: ukipika chai kwa maji yake unajua huhitaji kutia chumvi kwenye maandazi. Na chumvi ndani ya betri ni sumu. Nilitafuta la kumkaripia nikalikosa. Sikuwa nimemwachia hata chupa moja ya maji ya betri, yale yaliyotolewa chumvi. Seti ile, ambayo ikitunzwa huweza kufika miaka minne au mitano, ilikufa kabla ya miwili, na mpya ilitugharimu karibu bei ya bodaboda mpya.

Tangu hapo tuna utaratibu. Maji ya betri hutiwa baada ya kuchaji, kwa kuwa wakati wa chaji asidi huvimba, na ukijaza kabla itamwagika. Sahani zikiwa wazi, tia kidogo tu zifunikwe, ndipo uchaji, umalizie baadaye. Usisubiri betri iishe. Ikivuka nusu kwenda chini mara kwa mara unaila miaka yake. Vichwa tunaviosha kwa maji ya magadi, tunavikausha, tunapaka grisi, kwani upepo wa bahari haupumziki, kaskazi wala kusi. Na tumeacha kuchajia kwenye stoo iliyofungwa, kwa sababu betri hizi zikichaji hutoa hidrojeni, nayo huwaka. Tulikuwa tukichajia humo, na vijana wakiingia kuvuta sigara wakijificha mvua. Nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Mwaka jana bagi namba moja tuliiwekea betri ya lithiamu. Betri sita za risasi zilikuwa na uzito wa kilo 170 na ushee. Hii moja haifiki hata theluthi yake. Tulipozishusha za zamani, nyuma ya bagi iliinuka kama punda aliyetuliwa mzigo. Haitaki maji, haitoi harufu, inajaa haraka, na kwenye ule mwinuko wa matumbawe kutoka ufukweni nguvu yake mwishoni mwa siku ni ileile ya asubuhi.

Ila hapo ndipo ilipotuaibisha. Ya risasi ikikaribia kuisha huzembea taratibu, dereva akajua. Ya lithiamu hushika mwendo mpaka ubongo wake wa ndani unapokata, kimya. Nasi tulikuwa tumeacha kile kipimo cha zamani kwenye dashibodi, ambacho husoma volti kama betri ni ya risasi, kikasema bado iko juu. Bibi harusi na somo yake walishuka katikati ya bustani wakatembea mita mia za mwisho, mkia wa gauni umeshikwa na mpishi wa keki. Picha zilitoka nzuri, lakini kipimo kipya kilinunuliwa Jumatatu.

Kuhusu pesa, bagi yetu ya umeme ikirudi jioni na nusu ya chaji hula kama uniti tano au sita usiku, na kwa bei tunayolipa ni karibu theluthi ya ile petroli ya lita tatu, wakati mwingine chini ya hapo. Usishangilie mapema, ondoa kwanza bei ya betri. Kwa kazi yetu ya kutwa nzima, siku saba kwa wiki, umeme umeshinda hata hivyo. Nyumba yenye wageni wa Disemba na Pasaka tu, sina hakika utairudisha hela yako. Mvua za masika, wageni wakipungua, zote mbili huumwa: petroli ikikaa huganda utomvu kwenye kabureta, na betri ya risasi iliyosahauliwa bila chaji hufa polepole mahali ilipo.

Umeme nao una siku zake. Usiku wa 25 Agosti 2023 Kenya nzima ilipoingia gizani, tuliwasha jenereta, na kufikia alfajiri nilikuwa nachoma dizeli kuchaji bagi niliyoinunua ili nisichome petroli. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikaitazama ile taa ya chaja, nikanyamaza.

Kuna na kima. Diani ina nyani wa kila aina, mpaka barabarani kumetungikwa madaraja ya kamba ili mbega wavuke juu ya magari. Wakati wa petroli, kima walikuwa wakisikia mlio wanatawanyika. Ya umeme inapita kimya, na wamejifunza kwamba kilicho kimya hubeba matunda ya kifungua kinywa. Watoto wa wageni nao hawaisikii inakuja. Tumefunga kengele ya baiskeli kwenye usukani; watoto inawasaidia, kima hawaijali.

Ukinunua kwa ajili ya pwani, angalia fremu kabla ya injini. Club Car wanatumia alumini, na mahali ambapo bawaba ya mlango huota kutu kwa msimu mmoja, hilo lina thamani yake. Ya chuma si mbaya, lakini lala chini uitazame tumboni, usiridhike na rangi mpya ya juu.

Umeme naupa nne kati ya tano kwa wageni; ile moja imeliwa na betri. Petroli naipa tatu, na ningekuwa na shamba ndani kule ambako umeme hukatika siku mbili, ningeipa nne. Moja tumebaki nayo. Inabeba taka, mawe na saruji, inapita nyuma ya jiko ambako hakuna anayelala, na kijana anayeiendesha haruhusiwi kufika dobi kabla ya saa mbili.

Zile za risasi zilizobaki zina mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya swala, Mzee anakuja na chupa yake ya maji ya betri na faneli aliyoikata kutoka kwenye dumu la sabuni, anafungua vifuniko kimoja kimoja, anahesabu kwa sauti mpaka 24. Juzi nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono.