Discogs: nilivyoorodhesha santuri za babu kabla ya kuuza

Marehemu babu katuachia boksi tatu za santuri, nyingi zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), jamaa mmoja akaja akazipitia juu juu akatuambia laki mbili zote hapohapo. Binti yangu akasema baba ngoja kwanza, akanishushia Discogs kwenye simu, programu ya kuorodhesha santuri na kuona bei zake. Kuorodhesha ni bure. Skana ya bakodi ipo ila santuri za miaka ya 60 na 70 bakodi hazina, kwa hiyo unaandika namba ya kwenye lebo halafu unainamisha santuri kwenye taa usome zile namba zilizochongwa pale kati, maana toleo la kwanza na lililorudiwa bei zake mbingu na ardhi. Inakuonyesha bei ya chini, ya kati na ya juu za zilizokwishauzwa, wewe shika ya kati, ya juu ni kujidanganya tu. Na hali ya santuri usijipendelee, mimi moja niliiita VG+, yaani daraja la nzuri sana na zaidi, kumbe ikipigwa inachachatika kama mtu anakaanga dagaa. Za taarab zetu kadhaa sikuzikuta kabisa, nikajaza mwenyewe na picha nikapiga, wiki mbili kila usiku baada ya kula. Nyota nne. Yule jamaa bado anapiga simu, sipokei.