Gesi na bana za tanuru la ufinyanzi: ununue nini kwanza na nini uache dukani

Mtu akitaka kuhama kutoka kuni kwenda gesi swali lake la kwanza huwa ni bana (kichomeo cha gesi) gani nzuri, na mimi jibu langu ni lile lile, anza na mitungi, ifuate regulata (kile kifaa cha kupanga presha ya gesi), bana inakuja ya tatu. Bana ya bei mbaya ikikosa gesi ya kutosha haina tofauti na kipande cha bomba.

Hili nililipata mwezi wa saba hapa Arusha, na baridi ya huku mnaijua. Tanuru langu lina lita 300 hivi kwa ndani, matofali mepesi ya moto, nikaunga bana mbili kwenye mtungi mmoja wa kilo 15, nikawasha alfajiri na mpaka saa nane mchana kila kitu safi, kipima joto kinasoma 1080 na kinapanda, alafu kikagoma. Nusu saa nzima 1085. Nikafungua gesi zaidi, kikashuka. Kwenda kuushika mtungi vidole vikanata, barafu nyeupe imeupanda kutoka chini mpaka kati, na ndani gesi bado ipo, nikiutikisa naisikia inacheza. Nilikuwa natafuta nyuzi 1220. Sahani 40 za mteja zilitoka na gleze (ule upako unaoyeyuka na kung'aa kama kioo) ya chenga chenga kama chumvi iliyolowa, haijayeyuka.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, joto lenyewe inalitoa kwenye mtungi, kwahiyo ukivuta haraka kuliko mtungi unavyopata joto kutoka hewani unaganda na presha inakufa. Alafu gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani inachemka karibu na sifuri yenyewe, hivyo propani inatangulia kutoka na mwishoni unabaki na butani nyingi ambayo kwenye baridi haina nguvu. Ndo maana mtungi ukifika nusu unaanza kusumbua.

Hesabu ya kwenda nayo dukani: tanuru kama langu linataka kilowati 30 mpaka 40 jumla, na kilo moja ya gesi ikiungua ndani ya saa moja inakupa karibu kilowati 13, kwahiyo ukifungua mpaka mwisho unakula kilo mbili na nusu mpaka tatu kwa saa. Kama umejengea matofali mazito ongeza sana, yanakunywa joto kabla ya vyombo.

Sasa mpangilio wangu, bora kwenda mbaya.

Namba moja ni mitungi miwili ya kilo 38 imeunganishwa pamoja inatoa kwa wakati mmoja (sio mmoja akiba, yote iwe wazi), regulata ya presha kubwa yenye geji, ya kurekebisha kuanzia sifuri mpaka bar 2, na bana mbili za kuvuta hewa zenyewe. Hazihitaji umeme, fundi yeyote wa chuma mwenye akili anaweza kukurekebishia, na ukiwa umezoea utaijua kwa sikio tu, moto mzuri wa bluu una mvumo mmoja usiokatika. Regulata ya nyumbani usikubali kuuziwa hata kama muuzaji anaapa, ile inatoa milibar 30 tu, ni ya chai na maharage. Mimi niliuziwa na nikaamini.

Namba mbili ni bana za blowa, yaani feni ya umeme inayosukuma hewa. Kwa nguvu zinashinda zote na zinafanya kazi hata presha ikiwa ndogo, hewa unaitawala vizuri ukitaka moto mchafu, wenye hewa pungufu, wa kubadilisha rangi ya gleze. Tatizo umeme. Ukikatika blowa inasimama na gesi inaendelea kumwagika, kwahiyo usinunue bila valvu ya solenoidi inayofunga gesi umeme ukiondoka. Bila hiyo kwangu inashuka mpaka ya mwisho.

Namba tatu, mitungi minne ya kilo 15 kwa pamoja. Inafanya kazi na ni rahisi kuibeba kwenye bodaboda, ila viungio vinakuwa vingi, na kila kiungio ni sehemu ya kuvuja.

Ya mwisho ni tochi ya kuchomea lami ya paa. Kwa tanuru dogo la pipa la raku (uchomaji ambao chombo kinatolewa kikiwa bado chekundu kwa moto) ni sawa kabisa, kwa gleze ya 1220 utapoteza gesi na usiku wako. Jiko la chuma la mama lishe hata kwenye orodha sijaliweka.

Ukiletewa bana kutoka nje uliza tundu lake limetobolewa kwa gesi gani. Ya gesi asilia, kama ile inayokuja Dar kwa bomba kutoka Songo Songo, ina tundu kubwa, ukiiwekea gesi ya mtungi inatema moto wa njano na masizi.

Kitu ambacho sitaki mtu abanie hela ni themokapo ya usalama kwenye kila bana, ile inayofunga gesi moto ukizimika. Saa za mwanzo tanuru likiwa bado baridi ndo hatari, moto mdogo unazimwa na upepo na gesi inajaa ndani, na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Kwahiyo mitungi ikae nje, imesimama wima, kivulini, mita tatu au zaidi kutoka kwenye tanuru, isiwe shimoni. Mpira uwe wa gesi, ufungwe kwa klipu na sio waya, na kila kiungio upake povu la sabuni kabla hujawasha.

Hela ikija kidogo kidogo, nunua regulata na mtungi mmoja wa 38 na bana moja yenye themokapo, uchome mara ya kwanza tu bila gleze kwenye nyuzi 1000 huku ukisubiri mtungi wa pili. Barafu ikitokea, weka mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale ambayo ungemwogeshea mtoto, na punguza bana. Maji ya moto hapana, na moto karibu na mtungi hapana kabisa.