Kikaango cha gesi kisichotumia mafuta: kinamfaa bata mzinga wa Nairobi?

Ukiulizia kikaango kisichotumia mafuta katika maduka ya Nairobi, utaonyeshwa kile cha stima cha kuweka juu ya meza, cha lita tano au nane. Hicho kinafaa mapaja ya kuku na viazi, lakini bata mzinga mzima haingii. Kinachozungumziwa hapa ni pipa la chuma linalosimama nje na kutumia gesi, la aina ambayo Wamarekani waliiunda kwa ajili ya bata mzinga wa sikukuu yao ya Novemba. Inayojulikana zaidi ni Big Easy ya Char-Broil, kampuni ya mji wa Columbus jimboni Georgia, na maelezo haya yanafuata muundo huo. Kwa upande wa upishi, chombo ni kizuri kweli: ngozi hutoka kavu na nyekundu, nyama hubaki na maji yake, na mpishi hahitaji kusimama hapo saa mbili akigeuzageuza. Tatizo ni kwamba kiliundwa kwa mtungi wa gesi wa Marekani na kwa bata mzinga wa Marekani, na vyote viwili ni tofauti na vya kwetu.

Pipa lina kuta mbili. Kichomeo kiko chini, na joto la moto wake hupanda katikati ya kuta hizo bila kugusa nyama. Ukuta wa ndani ukishika moto, humpa ndege joto la mionzi kutoka kila upande. Hakuna feni inayopuliza hewa, na hiyo ndiyo sababu nyama haikauki upesi kama katika oveni ya feni. Nguvu yake ni BTU (kipimo cha joto cha Wamarekani) 16,000 kwa saa, karibu kilowati 4.7. Ndege hukaa ndani ya kikapu cha chuma, chini yake kuna trei ya kukinga mafuta yanayodondoka, na juu pipa liko wazi isipokuwa kuna kifuniko cha wavu. Hakuna kidhibiti cha joto. Kuna kitasa cha gesi tu, na kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Kikomo cha ndege ni pauni 16, yaani kilo 7 na kidogo.

Faida kubwa ikilinganishwa na kukaanga bata mzinga kwenye mafuta ni usalama. Mtindo ule wa mafuta hutaka lita kumi na zaidi katika sufuria moja juu ya moto wazi, na ndege akiwa na barafu hata kidogo tumboni, mafuta hufurika na kuwaka. Hapa hakuna mafuta ya kufurika, na bei ya mafuta ya kupikia tunaijua sote.

Tuanze na gesi, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mpira unaokuja na chombo una regyuleta ya kuzungushwa kwenye mtungi wa Marekani, na haiingii kwenye mtungi wowote wa Kenya. Usikubali fundi aikate na kuilazimisha kwa utepe. Kinachotakiwa ni regyuleta ya shinikizo la chini inayotoa milibari 28 hadi 30, ile ya kawaida ya jiko la nyumbani, pamoja na mpira mpya wa gesi na vibano viwili vya skrubu, kimoja kila mwisho. Shinikizo ambalo chombo hiki kiliundiwa ni inchi 11 za maji, sawa na milibari 27 hivi, kwa hiyo regyuleta ya nyumbani inakitosha kabisa. Regyuleta ya shinikizo la juu, ile ya majiko makubwa ya mikahawa, usiiguse. Itarusha moto mrefu kupita kuta, itachoma vali, na joto la ndani halitazuilika. Kumbuka pia kwamba regyuleta ya mtungi wa kilo 6 si ile ya mtungi wa kilo 13, basi amua mtungi kwanza ndipo ununue.

Kilo 13 ndiyo bora. Kwa moto wa juu chombo hula takriban gramu 370 za gesi kwa saa, hivyo bata mzinga mmoja humaliza chini ya kilo moja na hata mtungi wa kilo 6 uliojaa unatosha. Shida ni baridi. Gesi inapotoka, mtungi hupoa, na gesi yetu huwa na butani, ambayo hukaribia kuacha kugeuka mvuke joto linaposhuka kuelekea sifuri. Jioni ya Julai, mtungi mdogo uliobaki robo huanza kutoa moto dhaifu nyama ikiwa katikati ya kuiva. Mtungi mkubwa hupoa polepole zaidi.

Ukishaunga kila kitu, paka povu la sabuni kwenye viungo, fungua gesi ya mtungi huku kitasa cha chombo kikiwa kimefungwa, na uangalie. Kiputo kikikua, funga na ukaze upya. Washa pipa likiwa wazi na tupu, bila kifuniko. Kama halijashika baada ya sekunde chache, funga gesi na ungoje dakika tano, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na hutulia chini ya pipa. Moto unaofaa ni wa buluu. Nairobi iko mita karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kichomeo kilichopangiwa miji ya pwani kinaweza kutoa ndimi za njano na masizi. Kama kichomeo kina tundu la hewa linalorekebishika, lifungue zaidi kidogo hadi unjano uishe. Masizi kwenye ukuta wa nje wa chumba cha nyama ni dalili kwamba jambo hilo halijafanywa.

Chombo hiki ni cha ua. Si cha roshani ya ghorofa, hata iwe pana, wala si cha chini ya mabati au kwenye gereji. Kiweke kwenye saruji au udongo tambarare, mita tatu kutoka ukutani na kwenye kamba za nguo. Anayeishi kwenye ghorofa isiyo na uwanja wa pamoja asinunue.

Kabla ya upishi wa kwanza, paka ukuta wa ndani na kikapu mafuta ya kupikia, safu nyembamba, kisha washa moto wa juu mpaka moshi ukome. Bila hivyo ndege wa kwanza atanuka kiwanda.

Sasa ndege. Mara nyingi lawama hupewa chombo ilhali kosa ni la ndege. Bata mzinga wa mfugaji wa Kiambu au Ngong amekimbia uani, ana misuli, na kifua chake ni chembamba kuliko cha yule wa freeza. Akiwa wa miezi sita au saba, anachomeka vizuri sana na ladha yake inamshinda wa dukani. Akiwa dume la mwaka mmoja na zaidi, hakuna joto kavu litakalomlainisha: mishipa yake inataka maji na muda, na mahali pake ni sufuriani. Muulize mfugaji umri, halafu bonyeza ncha ya mfupa wa kidari. Ikipinda kidogo, ndege ni mchanga. Ikiwa ngumu kama jiwe, mwache. Dume mkubwa akichinjwa anaweza kupita kilo saba, na huyo hatoshi kwenye kikapu. Chukua jike, au dume mchanga wa kilo tano au sita baada ya kunyonyolewa.

Wa freeza ya supamaketi ni mwepesi kulainika, lakini soma karatasi. Wengi wamedungwa maji ya chumvi kiwandani, na ukiwaongezea chumvi tena hawaliki. Kuyeyusha barafu kwenye friji huchukua siku moja kwa kila kilo mbili au mbili na nusu, kwa hiyo wa kilo sita anataka siku tatu. Ukichelewa, mtumbukize kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake, ubadilishe maji kila nusu saa, ukihesabu nusu saa kwa kila nusu kilo. Barafu iliyobaki tumboni hapa haileti mlipuko, ila utapata mapaja yaliyoiva na mgongo mbichi.

Toa kifurushi cha maini na firigisi, na vipande vyovyote vya plastiki vinavyofunga miguu. Mkaushe kwa karatasi za jikoni, ndani na nje, kisha msugue chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila kilo mbili na nusu, na umwache kwenye friji usiku mzima bila kumfunika. Huko ngozi hukauka, na ngozi iliyokauka ndiyo inayovunjika vizuri mdomoni ikiiva. Siku ya kupika, ponda vitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na majani ya rosemary, yale yanayopandwa kama ua wa nyumba mitaa mingi ya jiji, changanya na mafuta vijiko viwili, umpake. Asali, sukari, tomato sosi na viungo vya paketi vyenye sukari vikae mbali. Ukuta uko sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi, na sukari itakuwa mkaa kabla nyama haijafika nusu. Ukipenda kumdunga siagi iliyoyeyushwa na supu, chuja mchanganyiko kwa kitambaa, maana punje moja ya kitunguu huziba sindano. Usimjaze wali wala mkate tumboni, kwani katikati hapati joto la kutosha kwa wakati.

Mweke kwenye kikapu akiwa wima, miguu chini. Joto huwa kali zaidi upande wa chini, na mapaja ndiyo yanayolihitaji. Kunja mabawa nyuma ya mgongo au yafunge kwa uzi wa pamba, uhakikishe hakuna kinachogusa ukuta, kwa maana kinachogusa hukauka na kuungua. Ncha ya kipimajoto iingie katikati ya paja, kando ya mfupa bila kuugusa. Ikigusa mfupa itakudanganya.

Ndege mkubwa hahitaji pipa lipashwe kwanza. Washa, shusha kikapu polepole, moto wa juu. Kadirio ni dakika 10 kwa kila pauni, yaani dakika 22 kwa kilo: wa kilo sita huchukua saa mbili na dakika kumi hivi, huku oveni ya nyumbani ikitaka tatu au zaidi. Jioni ya upepo ongeza robo saa. Kifuniko cha wavu kiache kando mpaka mwisho, maana ukikiweka tangu mwanzo, sehemu ya juu itaungua. Kama kifua bado ni cheupe zikibaki dakika 15, kifunike hapo. Kama chini kunaanza kuwa cheusi mapema, punguza gesi hadi nusu na uvumilie. Kumgeuza ndege wa kilo sita aliye moto ni kutafuta ajali.

Saa isikuamulie. Kifua kwenye unene wake kifike nyuzi 74 za selsiasi, paja likaribie 80. Pima sehemu tatu kwa kipimajoto cha pili cha mkononi, kwa sababu kimoja hakitoshi kuaminiwa. Toa kikapu kwa ndoano na glavu nene, umwache ndege atulie dakika 20 hadi 30. Ukimkata mara moja, ubao utajaa maji yaliyopaswa kubaki kwenye minofu.

Mafuta ya trei hayafai kwa mchuzi. Kufikia saa ya pili yameshaungua na ni machungu. Chemsha shingo na firigisi pembeni upate supu ya mchuzi huo. Na asiyeridhika bila harufu ya mkaa ajue mapema kwamba hapa hakuna moshi. Ladha ni ya ndege mwenyewe na viungo, karibu zaidi na oveni kuliko na nyama choma.

Usafi ni rahisi usipoahirishwa. Chombo kikishapoa kabisa, mwaga mafuta ya trei, loweka kikapu kwenye maji moto na sabuni. Ukuta wa ndani ukiwa na ukoko, washa moto wa juu dakika 10 hadi 15 bila nyama, uache upoe, kisha uupige brashi. Usiumwagie maji kwa mpira wa bustani, kichomeo kitajaa na kuota kutu. Trei iliyoachwa na mafuta ya mara iliyopita ndiyo chanzo cha moto ambacho chombo hiki kinaweza kukuletea.

Kwa familia yenye ua, inayopika ndege mkubwa au kuku watatu wanne kwa mwaka na kuendelea na paja la mbuzi au mbavu za nguruwe katikati, pesa hazitapotea. Kuku wa kilo moja na nusu huwa tayari kwa dakika 45 hivi. Kwa anayetaka bata mzinga wa Krismasi peke yake, kukodi oveni ya mwokaji wa mtaani ni nafuu. Na anayeagiza kutoka nje aulize mambo mawili kabla ya kulipa: kama vali na kiwashio huuzwa peke yake, na kama kikapu cha akiba kinaweza kuja kwenye mzigo huo huo.