TAHADHARI: Shindano la wabunifu lenye majaji wa picha za kuokota, limetupiga Kigoma na sasa liko Tabora

Vijana wa Tabora, na wenzangu wa Kigoma ambao bado hamjafikiwa: kuna bango linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye status za watu. Shindano la kupichi, yaani kuwasilisha mawazo ya teknolojia mbele ya majaji, Kanda ya Magharibi, zawadi milioni 50, majaji watano na picha zao, mmoja mmoja, suti na tai. Msilipe. Huku tumeshalizwa, na mimi nimo. Laki moja na themanini imekwenda.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu ukiambiwa tu kwamba hao ni matapeli utasema huyu ana wivu. Kaka yangu aliniambia mapema, nikamwona mshamba.

Nina programu ndogo ya simu niliyowatengenezea akina mama wauza dagaa pale Kibirizi. Wazo lilitoka kwa mama yangu mdogo. Ziwa lilipofungwa lipumzike, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, alibaki nyumbani na daftari la madeni lililolowa maji, nusu ya majina hayasomeki, na wadaiwa wake wanajifanya hawakumbuki walichukua magunia mangapi. Nikamtengenezea daftari lisilolowa. Sasa wanalitumia akina mama kumi na wanne. Kwa hiyo niliposikia majaji, wawekezaji, milioni 50, akili ilishahama.

Ada ya kujiandikisha elfu thelathini. Fomu ilitaka namba ya NIDA, maelezo ya wazo, video ya programu ikifanya kazi, na nywila ya kuingilia "ili majaji waijaribu". Nikajaza yote. Pesa ilikwenda kwenye namba ya kawaida ya simu, siyo lipa namba, na kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mtu binafsi. Nililiona. Nikajiambia huyu atakuwa mhasibu wao. Ndiyo, mimi ambaye kila nikipata ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" huwa nacheka.

Baada ya siku tatu ikaja karatasi ya alama, na hapa lazima niwape sifa yao, walijua kazi. Jedwali zuri, safu tano, kila jaji na alama zake za tatizo, suluhisho, soko, timu na mapato. Jumla 87.5. Chini kulikuwa na maoni ya jaji mkuu, aliyeandikwa kuwa ni mwekezaji kutoka London: "Suluhisho hili litamkomboa mkulima mdogo." Mkulima! Mimi nimeandika dagaa kuanzia mstari wa kwanza. Lakini mtu aliyepewa 87.5 haulizi maswali. Niliikata ile sentensi ya mkulima kwenye skrinishoti, nikaweka status.

Ikafuata "ada ya jopo", laki moja na nusu kwa kila aliyeingia fainali, eti ya tiketi za ndege na malazi ya majaji kuja Kigoma. Nikatoa. Usiku uleule jaji mmoja akanipigia. Sauti nzito, anaongea taratibu kama mtu aliyekula akashiba. "Mdogo wangu, wazo lako nimelipenda, ila kuna mwenzako amekuzidi pointi mbili. Ukiniwezesha laki mbili, hilo nalimaliza mimi." Niseme ukweli, sikukataa kwa uadilifu. Sikuwa nayo. Dada mmoja wa Ujiji, mwenye mfumo wa kuagiza mawese kwa simu, alipigiwa simu ya namna hiyohiyo akatuma. Jumla yake laki tatu na themanini, na sehemu kubwa ni hela ya kikoba.

Siku ya fainali tulikutana saa mbili asubuhi nje ya ukumbi mmoja maeneo ya Mwanga. Tulikuwa tisa. Mimi nilikuwa nimekopa koti, na bango langu la kusimama nililichapisha steshenari kwa elfu arobaini na tano (hiyo sijaihesabu kwenye laki na themanini, inaniuma peke yake). Mlangoni tukakuta vijana wanashusha viti na vitambaa vya rangi ya dhahabu. Mlinzi akatuuliza sisi ni upande wa bwana au wa bibi. Kulikuwa na send-off. Ukumbi ulishalipiwa wiki tatu nyuma na familia ya watu, na hakuna aliyewahi kusikia habari ya majaji. Tulisimama pale na mabango yetu, simu ya mratibu wa shindano inaita haipokelewi, mpaka mama mmoja wa kamati akatuomba kwa adabu tusogee, gari la keki linataka kuingia.

Tulipokaa chini ya mwembe tukaweka karatasi zetu pamoja. Wote 87.5. Wote tumemkomboa mkulima mdogo, hadi yule kijana mwenye programu ya kukatia tiketi za boti. Tukapitisha picha za majaji kwenye utafutaji wa picha wa Google, kazi ya dakika tano ambayo ningeifanya kabla ya kutoa hata shilingi. Yule mwekezaji wa London ni daktari wa meno, picha yake iko kwenye tovuti ya kliniki moja Marekani. Masikini, hajui kama anagombea milioni zetu huku.

Sasa wapo watakaosema kila shindano lenye ada ni la kitapeli. Si kweli, yapo yanayotoza na ni halali. Ila mashindano ya kweli yana mwenyewe. MAKISATU, kwa mfano, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, yako chini ya Wizara ya Elimu na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hizo ni ofisi unazoweza kuzipigia ukauliza. Jaji wa kweli anajulikana anafanya kazi wapi, unaweza kumwandikia huko kazini kwake akakwambia kama yumo au hayumo. Nauli yake ni shida ya mwandaaji. Namba ya mshiriki haitafuti usiku. Na kama ni mwekezaji, faida yake anaitafuta kwenye hisa za kampuni yako ikikua. Elfu thelathini yako itamfikisha wapi?

Jingine ni ule "mkataba wa usiri" waliotaka kutuuzia kwa elfu ishirini ili majaji wasiibe mawazo yetu. Majaji wa mashindano haya kwa kawaida hawasaini mikataba ya hivyo, wanaona mawazo mengi mno. Kinga ni wewe kutotoa kila kitu. Eleza tatizo na onyesha kinavyofanya kazi, lakini msimbo (code) na nywila baki navyo. Mimi ilibidi nibadilishe nywila zote usiku ule, maana mle ndani kuna majina na madeni ya akina mama wa watu.

Kama uliwapa namba ya NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye mtandao husika ikafungwe. Meseji zao na namba zao zitume 15040. Sisi tumefungua jalada polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawagusa watu hawa moja kwa moja. Mtandao wa simu tuliupigia siku ileile, wakatujibu pesa imeshatolewa.

Bango la Tabora nimeliona juzi. Majaji ni walewale, ila daktari wetu wa meno sasa anatokea Dubai, na ada imepanda hadi elfu arobaini. Kama umeshalipa, usiwatukane na usijitoe kwenye kundi lao la WhatsApp kwanza. Piga skrinishoti za kila kitu, namba, majina yaliyotokea kwenye muamala, karatasi ya alama, kisha nenda polisi. Mimi nilianza na matusi. Dakika mbili baadaye wakanitoa kwenye kundi, mratibu akafuta ujumbe wake, na skrinishoti nilizobaki nazo ni nne, mojawapo ile niliyoikata sentensi ya mkulima.